Mbwa mdogo chotara: tabia yake, malezi yake na chanjo yake

Mbwa wa nyumbani amebadilika katika mitaa mingi na vituo vya biashara. Zamani mwenye boma alifuga mbwa wa kulinda mifugo na lango, akamjengea kibanda nje. Siku hizi familia nyingi, hasa zenye watoto, huchukua mbwa mdogo mwenye manyoya mengi, anayelala sebuleni na kubebwa mikononi. Wengi wa mbwa hawa si wa aina moja. Ni machotara waliozaliwa na mbwa wa kienyeji na mbwa wa kigeni, au na aina mbili tofauti za kigeni.

Mbwa huyu huleta furaha nyumbani, lakini kuna kosa linalojirudia katika kumfuga. Mwenyewe akiulizwa kama amemchanja dhidi ya kichaa cha mbwa, jibu huwa: "Huyu haumi, na hata getini hatoki." Mbwa mkubwa hupelekwa chanjo kwa sababu anaogopwa. Huyu mdogo, anayelamba nyuso za watoto kila siku, husahaulika. Somo hili linaeleza tabia ya mbwa mdogo chotara, namna ya kumtunza, na sababu za kumpeleka chanjo kama mbwa mwingine yeyote.

Chotara ni mbwa wa namna gani

Chotara ni mbwa ambaye baba na mama yake si wa aina moja. Mmoja wa wazazi wanaopatikana sana mijini ni Japanese Spitz, mbwa mweupe mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja mgongoni. Wengine wana damu ya Maltese, ambaye nywele zake ndefu hazikomi kukua, au ya Terrier, aina iliyofugwa ili kuwinda panya na wanyama wa mashimoni.

Asili hiyo huacha alama. Mwenye damu ya Spitz huwa mwepesi wa kubweka asikiapo hatua za mgeni. Mwenye damu ya Terrier hupenda kuchimba na kufukuza chochote kinachokimbia, kuku wa jirani wakiwemo. Mwenye damu ya Maltese huhitaji kuchanwa nywele mara kwa mara, la sivyo hushikamana na kuvuta ngozi. Hata hivyo, vilebu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana kwa umbo, manyoya na tabia. Anayeuza kilebu chotara na kuahidi kwamba atabaki mdogo, au kwamba atakuwa mpole, anaahidi jambo asiloweza kulithibitisha.

Mwaka 2022, jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000, hasa nchini Marekani. Watafiti waliona kwamba aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Sehemu kubwa inayobaki inatokana na mambo mengine, yakiwemo malezi na mazingira. Kwa anayefuga chotara hiyo ni habari njema, maana mengi yako mikononi mwake.

Wiki za kwanza ndizo humjenga

Samaki mkunje angali mbichi. Kwa mbwa, ubichi huo ni mfupi mno. Kuanzia wiki ya tatu hadi karibu wiki ya 14 tangu kuzaliwa, kilebu hujifunza ni vitu gani katika dunia hii ni salama. Akikutana kwa utulivu na watoto, wazee wenye bakora, wanaume wenye kofia, pikipiki, paka na mlio wa redio, atavizoea. Akifungiwa chumbani muda huo wote, atakua akiogopa kila kigeni, na mbwa mwoga ndiye huuma.

Kilebu asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki nane. Akiwa na mama na ndugu zake hujifunza kupima nguvu ya meno yake, maana akimng'ata nduguye kupita kiasi, nduguye hulia na mchezo hukoma. Anayechukuliwa akiwa na wiki nne au tano hulikosa funzo hilo, kisha wenye nyumba hushangaa kwa nini anawauma watoto vidole.

Anayetaka kilebu na aende mahali anapofugwa, amwone mama yake, na aangalie kama macho ya kilebu ni maang'avu, tumbo halijavimba kwa minyoo na sehemu ya nyuma haina dalili za kuhara. Aombe pia kadi ya chanjo iliyojazwa tarehe na sahihi ya daktari wa mifugo.

Kumfunza haja na utiifu hakuhitaji fimbo. Mpeleke nje kila anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza, na umsifu pale pale anapofanya haja mahali panapofaa. Masomo ya kukaa, kuja na kuacha yawe ya dakika tano tu, mara kadhaa kwa siku, na zawadi iwe kipande kidogo cha chakula. Kumsugua pua kwenye mkojo aliouacha saa nzima iliyopita hakumfundishi chochote isipokuwa kumwogopa mtu.

Kabla hajauma, mbwa husema

Mbwa mdogo huishi miongoni mwa miguu ya watu. Kwake mtoto wa miaka minne ni kiumbe kikubwa kinachokimbia, kupiga kelele na kumnyakua bila taarifa. Ndiyo maana wengi wao hubweka sana na kutishia kwa haraka. Mara nyingi huo huwa woga, ingawa watu huuita ukali.

Dalili za woga huonekana mapema kwa anayezijua. Mbwa hugeuza uso pembeni, hulamba midomo ilhali hakuna chakula, huinamisha masikio nyuma, huficha mkia katikati ya miguu, au mwili wake hukakamaa na weupe wa macho ukaonekana. Baada ya hapo hunguruma, na asiposikilizwa huuma. Kwa mbwa mkubwa watu huziona dalili hizi na kurudi nyuma. Kwa mdogo hucheka, wakamchokoza zaidi ili wamwone "akijifanya simba". Mbwa anayefanyiwa hivyo hujifunza kwamba kunguruma hakusaidii, na siku moja huuma bila onyo. Kwa sababu hiyo, asiadhibiwe kwa kunguruma. Mpe nafasi aondoke, kisha utafute kilichomtisha.

Watoto wafundishwe mambo manne: wasimguse mbwa anapokula, anapolala au anaponyonyesha, wasimkimbize, wasimbebe bila mtu mzima kuwa karibu, na wasiweke uso wao karibu na mdomo wake. Mtoto mdogo na mbwa wasiachwe peke yao, hata kama wamelelewa pamoja.

Majirani nao wana haki yao. Kubweka kwa mchana kutwa mara nyingi hutokana na upweke au kukosa mazoezi. Matembezi ya nusu saa kwa siku na kitu cha kutafuna hupunguza kelele. Katika mitaa ambako majirani huepuka mate ya mbwa kwa sababu za kidini, ni adabu kumshika kwa kamba njiani na kwenye ngazi za ghorofa badala ya kumwacha arukie watu. Kwa mbwa mdogo, mkanda wa kifuani ni bora kuliko wa shingoni, kwa kuwa koo lake ni laini na huumia anapovutwa.

Chakula kidogo, lakini cha uhakika

Tumbo la kilebu mdogo halihifadhi nguvu za kutosha. Akikaa njaa muda mrefu, sukari ya damu inaweza kushuka, akalegea, akatetemeka na hata kupoteza fahamu. Kilebu wa hadi miezi mitatu apewe chakula mara nne kwa siku, kisha mara tatu hadi atimize miezi sita, na mbwa mkubwa mara mbili. Maji safi yawepo wakati wote.

Chakula cha dukani kilichotengenezewa mbwa kinafaa, ila si lazima. Ugali pekee haumtoshi. Uchanganywe na omena waliochemshwa, nyama, maini au mayai, pamoja na mboga kidogo. Usimpe vitunguu, chokoleti, zabibu wala peremende zisizo na sukari, kwa sababu ni sumu kwake, na mwili ukiwa mdogo, kiasi kidogo tu hutosha kumdhuru. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na inaweza kutoboa utumbo.

Unga au mahindi yaliyoota ukungu yasigeuzwe chakula cha mbwa. Wakazi wa Makueni na Kitui wanakumbuka mwaka 2004, sumu ya aflatoksini kwenye mahindi ilipoua watu 125 katika eneo la mashariki mwa nchi. Sumu hiyo hiyo huharibu ini la mbwa. Chakula kisichofaa kwa watu kwa sababu ya ukungu hakimfai mbwa pia.

Matumbo na mapafu mabichi ya kondoo, mbuzi au ng'ombe yasitupiwe mbwa. Huweza kuwa na malengelenge ya minyoo aina ya ekinokokasi. Mbwa akiyala, minyoo hukua ndani yake na mayai yake hutoka na kinyesi. Mtu akiyameza kwa mikono michafu, uvimbe huota kwenye ini au mapafu yake. Maradhi hayo yamewatesa wafugaji wa Turkana kwa miaka mingi.

Minyoo, kupe na meno

Vilebu wengi huzaliwa na minyoo waliyoipata kwa mama. Dawa huanza wakiwa na wiki mbili na hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya 12, kisha kila miezi mitatu maisha yao yote. Kipimo hutegemea uzito, kwa hivyo mbwa apimwe kwanza. Kinyesi chake kiokotwe na kufukiwa, hasa mahali watoto wanapochezea.

Kupe humwambukiza mbwa magonjwa ya damu. Dalili ni homa, kukataa chakula, ufizi kuwa mweupe na uchovu. Hapa ipo hatari ambayo wengi hawaijui: dawa ya josho la ng'ombe. Mtu humwaga kiasi anachokadiria kwa macho, akamwogesha mbwa wa kilo tano. Mbwa huilamba kwenye manyoya, kisha hutokwa na mate, hutetemeka na anaweza kufa. Tumia dawa iliyoandikwa kwamba ni ya mbwa, na kwa kipimo cha uzito wake.

Meno ya mbwa wadogo yamebanana, kwa hivyo hushika ukoga mapema kuliko ya mbwa wakubwa. Kumsugua kwa mswaki laini mara kadhaa kwa wiki husaidia. Usitumie dawa ya meno ya watu.

Kwa upande wa kuzaa, mimba ya mbwa huchukua karibu siku 63. Jike mdogo aliyepandwa na dume mkubwa anaweza kushindwa kuzaa, akapoteza maisha pamoja na vilebu. Asiyetaka vilebu azungumze na daktari wa mifugo kuhusu kumfunga jike kizazi au kumhasi dume, kwa kawaida kuanzia karibu miezi sita. Vilebu wasiotakiwa huishia kutupwa sokoni, ambako huzaana bila chanjo.

Chanjo, na kwa nini udogo hauzuii kichaa

Mbwa huhitaji chanjo za aina mbili. Ya kwanza humkinga na magonjwa ya mbwa wenyewe, hasa parvo na distempa. Parvo humfanya kilebu atapike na kuharisha damu, na inaweza kumuua kwa siku chache. Chanjo hii huanza akiwa na wiki sita hadi nane, na hurudiwa kila wiki tatu au nne hadi afikishe wiki 16.

Ya pili ni ya kichaa cha mbwa. Hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Humlinda mbwa, na kupitia kwake huwalinda watu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na kwamba watoto wa chini ya miaka 15 ni karibu asilimia 40 ya wanaofariki. Dalili zikishaanza kwa mtu, ugonjwa huu karibu haupóni. Kabla ya hapo, chanjo huuzuia.

Virusi vya kichaa haviangalii ukubwa wa mbwa. Mbwa asiyetoka getini anaweza kuumwa na mbwa mzururaji anayepita chini ya ua, na paka na mbweha pia huambukizwa. Mbwa mdogo akiambukizwa, hatari yake kwa familia ni ya pekee. Hubebwa karibu na uso, na jeraha la usoni, kichwani au mikononi huvifikisha virusi kwenye ubongo haraka zaidi. Tena alama ya meno yake ni ndogo, hivyo mtoto huweza kuificha na mzazi kuipuuza.

Dalili ya kwanza huwa ni kubadilika kwa tabia. Mbwa mchangamfu hujificha gizani, au mkali huwa mpole ghafla. Baadaye sauti hubadilika, mate humtoka, hushindwa kumeza, miguu hulegea. Si kila mbwa mwenye kichaa hukimbia huku na huku akiuma watu. Wapo wanaonyamaza na kupooza. Anayetia mkono kinywani mwa mbwa wa namna hiyo akidhani amekwama mfupa anajiweka hatarini.

Kenya ina mkakati wa kitaifa wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kutokomeza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa. Nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika kila eneo, mwaka baada ya mwaka. Kiwango hicho kikifikiwa, virusi hukosa mbwa wa kutosha wa kuruka kwao, na mnyororo hukatika. Kila mbwa mdogo anayeachwa nyumbani siku ya chanjo hupunguza hesabu hiyo.

Mbwa akiuma

Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Hatua hii huondoa virusi vingi na haihitaji fedha. Usipake pilipili, mafuta, majani wala mafuta ya gari.

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo usiotoa damu, na hata kama mbwa ni wako. Mhudumu wa afya ndiye ataamua kama chanjo inahitajika, na kwa jeraha lililotoa damu, kama dawa ya imunoglobulini inahitajika pia. Dozi za chanjo zikianza zikamilishwe. Kwa kawaida dalili kwa binadamu hutokea baada ya miezi miwili au mitatu, kwa hivyo kuwa mzima baada ya wiki mbili hakuthibitishi kwamba mtu amepona.

Usimuue mbwa. Mfungie mahali salama kwa siku kumi chini ya uangalizi wa afisa wa mifugo. Akibaki mzima siku hizo zote, mate yake hayakuwa na virusi siku alipouma. Akiugua, akifa au akitoweka, mjulishe afisa wa mifugo na kituo cha afya bila kuchelewa.

Wajibu wa mwenye mbwa

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo utoaji wa leseni za mbwa. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, nayo inamlinda mbwa dhidi ya kupigwa, kunyimwa chakula na kuteswa. Sheria hizi hazitenganishi mbwa mkubwa na mdogo.

Siku ya chanjo, mbwa mdogo aletwe na mtu mzima, akiwa na kamba au ndani ya kikapu kinachofungwa, maana umati wa mbwa wakubwa humtisha. Kadi ya mwaka uliopita iletwe pia. Ambaye hajawahi kumchanja mbwa wake na aulize tarehe na mahali katika ofisi ya mifugo ya wadi yake au kwa chifu. Asisubiri kampeni ikiwa mbwa tayari amepita miezi mitatu. Daktari wa mifugo aliyesajiliwa anaweza kumchanja siku yoyote.

Maswali ya kujibu nyumbani

1. Mbwa wetu alichanjwa lini dhidi ya kichaa, na kadi iko wapi?
2. Mara ya mwisho alipewa dawa ya minyoo lini, na alikuwa na uzito gani?
3. Je, kila mtoto wa nyumba hii anajua kwamba akiumwa, hata kidogo, aseme siku hiyo hiyo bila kuogopa kupigwa?
4. Ni nani atakayempeleka mbwa kwenye chanjo ijayo?